Programu Iliyogoma Koboko

Vijana wa simu, ninyi mnaokaa kwenye vibanda hapa mjini Arua na bisibisi nyembamba kama sindano, nina neno nanyi. Majuzi nilimpelekea mmoja wenu simu yangu ya zamani aniwekee programu ya kutazama habari za mvua. Alikuwa nayo kwenye simu yake, akairusha kwenye yangu. Ikafunguka vizuri, ikaonyesha jua lake na wingu lake, nikafurahi. Nilipogusa pale pa kutafuta Dadamu, kijijini kwangu, ikajifunga. Kijana akaifuta, akaiweka upya. Ikajifunga palepale. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akasema, "Mzee, simu imechoka. Nunua ingine."

Simu haijachoka, mwanangu. Aliyechoka ni mimi. Simu ni nzima na programu ni nzima, ila hawa wawili hawajuani.

Sikilizeni. Programu kubwa haifanyi kazi zote yenyewe. Kazi nyingine inawaachia mafaili madogo inayosafiri nayo, na mafaili hayo tunayaita maktaba. Sasa, ziko maktaba zilizoandikwa moja kwa moja kwa lugha ya prosesa, yaani ule ubongo wa mashine. Prosesa mpya ni kama mjukuu anayejua Kikakwa cha babu yake na Kilugbara alichookota sokoni. Prosesa ya zamani ni babu mwenyewe, anajua Kikakwa tu. Ukiwaandikia wote wawili kwa Kikakwa, mtaelewana. Ukimwandikia babu kwa Kilugbara, ataipokea barua kwa heshima, ataifungua, kisha atakaa kimya. Kumpiga kofi mgongoni hakutasaidia.

Ugonjwa huo niliujulia Koboko, miaka ya tisini, wakati wengi wenu hamjazaliwa. Nitawaeleza nilivyoujua. Mtanivumilia, maana siwezi kuueleza bila kumtaja dada Zubeda, na nikishamtaja Zubeda huwa nasahau nilikuwa nafundisha nini.

Nilikuwa fundi wa redio na kompyuta katika shirika moja la misaada. Malori yetu yalitoka Arua na chakula na dawa kwenda Koboko, kwa wakimbizi waliokuwa wamevuka kutoka Sudan. Chumba changu cha kazi kilikuwa nyuma ya stoo, dirisha lake likitazama ukuta. Wenzangu wengi walikuwa watu wa Kampala. Ikifika Ijumaa wanapanda ndege ndogo, wanakwenda kwa wake zao. Mimi nilibaki na redio. Nyumbani Dadamu nilikuwa na nyumba ya vyumba viwili, shamba la mihogo na jogoo mmoja mwenye kiburi. Mke wangu nilimzika ng'ambo ya mpaka, na Mungu hakutupa mtoto. Nasema hivi si kwa kutaka huruma. Nataka mjue chumba kilikuwa kimya kiasi gani kabla sauti ya Koboko haijaingia.

Sauti hiyo ilikuwa ya Zubeda, mwendesha redio wa Koboko. Alizaliwa katika kambi ya jeshi, binti wa mwanajeshi, akaolewa na mwanajeshi. Mwaka wa 1979, wakati wa vita, mumewe alitoka na bunduki yake, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona, mzima wala maiti. Zubeda hakuwa mjane na hakuwa mke. Alikuwa anangoja tu, na wakati akingoja alijifunza redio.

Kila asubuhi ilikuwa hivi.

"Arua, Arua, hapa Koboko. Wewe nalala muzuri?"

"Nalala muzuri, dada. Na wewe?"

"Mimi iko. Nyumba iko aje?"

"Nyumba iko."

"Na jogoo ya Dadamu?"

"Iko. Nasumbua watu tu."

"Wacha isumbue, ndiyo kazi yake. Mihogo?"

"Mihogo nataka mvua."

"Hapa nanyesha kidogo. Nitakutumia. Salamu imekwisha?"

"Imekwisha, dada. Leta kazi."

Hapo ndipo alipokuwa akianza kusoma habari za magunia na katoni. Kabla ya hapo hata moto ungewaka Koboko nisingeambiwa. Mkuu wetu wa ofisi, mama mmoja mpole kutoka nchi za baridi, alilalamika kwamba salamu zinakula betri. Nilimfikishia Zubeda malalamiko hayo kwa adabu zote. Akanijibu, "Mwambie hivi: mutu hawezi kupewa habari ya dawa na bado hatujui kama alilala." Mama yule alicheka, akaongeza betri nyingine. Ndivyo ilivyo kwetu West Nile. Hata ukienda kumdai mtu ng'ombe, utamuuliza kwanza nyumba yake.

Mimi nilimpenda. Naliandika wazi kwa sababu sasa hakuna wa kumwonea haya. Nilimpenda kabla sijauona uso wake, kwa jinsi alivyokuwa akiuliza habari za jogoo.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana fundi asiyemtaja mwalimu wake ni mwizi wa ujuzi.

Vita vilipofika kwetu, mimi na mke wangu tulivuka mpaka wa Vurra kwa miguu, tukakaa Aru, upande wa Zaire. Huko nilimkuta Mzee Anguyo, fundi wa redio, mtu mfupi mwenye kicheko kikubwa kuliko kibanda chake. Alinipa kazi ya kuunga nyaya kwa risasi ya kuyeyusha, na akiridhika ananipa na chakula. Siku moja mfanyabiashara alileta mashine ya santuri nzuri sana aliyoipata mbali, ng'ambo ya bahari. Mzee hayuko. Nikaikagua kila waya, nzima kabisa. Nikaichomeka kwenye jenereta ili nimfurahishe mzee akirudi. Iliimba nusu ya neno, ikatoa moshi.

Mzee Anguyo aliporudi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Uliuliza kama iko muzima. Haukuuliza kwao ni wapi. Umeme ya kwao iko kidogo, ya hapa iko mingi. Kitu inaweza kuwa muzima kabisa na bado si ya hapa."

Maneno hayo niliyachukua kuwa ya santuri. Mwaka huo huo mke wangu aliugua homa, akafa, nikamzika katika ardhi ambayo hata jina la kijito chake sikulijua. Nikawa nakaa kibandani nikiwaza kwamba hata mimi ni mzima na si wa hapa. Niliporudi Dadamu katikati ya miaka ya themanini, nyumba ilikuwa imeota majani ndani, na majirani walionijua walikuwa wachache. Nikaona basi, huenda hata hapa si wa hapa. Redio ndiyo iliyoniokoa, kwa kuwa redio haikuulizi ulikuwa wapi.

Kompyuta zilipokuja shirikani, hatukuziogopa kama mnavyofikiri. Tulizihurumia. Mlinzi wa Arua alikuwa akiifunika yake blanketi jioni za baridi. Mpishi aliona disketi zimelowa mvua, akazianika juu ya bati pamoja na mihogo, na jua la West Nile mnalijua. Zilijikunja zote kama majani makavu. Nilipomuuliza akasema, "Fundi, mihogo imekauka vizuri, hiyo ingine sijui ilitaka nini." Mjusi aliingia katika mashine moja akafia ndani, na kwa muda mrefu kila fundi aliyetoka Kampala alipomaliza kutafuta kosa nilimuuliza kama amewatazama mijusi. Vumbi, umeme na mijusi: tuliamini kila ugonjwa unatoka humo. Imani hiyo itanigharimu mbele.

Sasa nawaingiza kwenye jambo lenyewe.

Barabara ya Koboko iliharibika. Si mashimo, mashimo yalikuwepo siku zote. Waasi waliingia porini, wakawa wanatega magari. Lori la kampuni nyingine lilichomwa, dereva wake hakurudi. Dereva wetu mkubwa wa njia hiyo alikuwa Juma, mdogo wake Zubeda, tumbo moja. Alikuwa kijana mrefu mwenye mdomo, anaimba akiendesha, na dada yake alimlea kwa mikono yake baada ya mama yao kufariki. Redio zetu zilikuwa wazi kama soko. Mwenye redio yoyote angeweza kusikia. Tulijua, lakini tulikuwa hatujaonyeshwa.

Asubuhi moja tulikuwa katikati ya salamu. Nikamwambia Zubeda kwamba Juma amekula, amepakia, anawasha gari. Zubeda akasema, "Mwambie aje polepole." Nikafungua mdomo kujibu, na kabla sijajibu sauti ya mwanaume nisiyemjua ikaingia katikati yetu. Sauti tulivu, bila haraka.

"Na mimi nasalimia Juma," ikasema. "Mwambie aje tu. Sisi nangoja yeye."

Kisha kukawa na ule mvumo wa redio tu. Nilitoka mbio mpaka getini, nikasimama mbele ya lori na mikono juu. Juma alinitukana kwanza, kisha akauona uso wangu, akazima injini. Niliporudi kwenye redio Zubeda alikuwa bado anaita. Hakuwa akiita Arua. Alikuwa akiita jina la mdogo wake.

"Yuko hapa, dada," nikamwambia. "Yuko getini. Hakwenda."

Nilimsikia akipumua, kitufe kimekandamizwa. Halafu akasema, "Tafuta njia ingine ya kuongea, Fundi. Hii ya mdomo itaua mutu."

Njia nyingine ilikuwapo tayari, imo ndani ya boksi pale stoo. Ofisi ya Nairobi ilikuwa imetuletea programu ya kutuma ujumbe wa maandishi kupitia redio ile ile. Unaandika kwenye kompyuta, programu inaufunga ujumbe kwa maandishi ya siri, inausukuma redioni ukiwa mlio kama wa nyenje, na upande wa pili programu inaufungua. Mtu wa porini atasikia nyenje tu. Mkuu akatoa amri: mpaka programu ifanye kazi pande zote mbili, hakuna lori linalokwenda Koboko bila msafara wa jeshi, na misafara ilikuwa michache. Na Koboko wakimbizi walikuwa wamebakiza unga wa siku chache.

Tuliijaribu Arua mbele ya mkuu, ikaimba vizuri. Kompyuta ya Arua ilikuwa mpya, prosesa yake ya aina ya 386. Ya Koboko ilikuwa ya zamani, aina ya 286, tuliipeleka huko hii mpya ya Arua ilipokuja. Hakuna aliyelifikiria hilo. Kwa macho zote mbili ni masanduku meupe yenye televisheni juu.

Jeshi likapanga msafara, nikapanda lori la Juma na disketi kifuani ndani ya shati. Juma hakuimba siku hiyo. Tulifika salama, na mlangoni pa ofisi ya Koboko alisimama mwanamke mdogo, mwembamba, miwani yake imefungwa na uzi sikioni. Kwa sauti ile nilikuwa nimejenga mwanamke mkubwa, mwenye kifua kama ngoma. Na yeye alinitazama akasema, "Wewe ndiyo Fundi ya Arua? Mimi nafikiri wewe iko munene."

Tulicheka wote wawili, tukaingia ndani. Watu waliosalimiana kila siku miaka yote ile, tumekaa meza moja, chai na gurusa, ule mkate wao mwembamba, na maneno yamekwisha. Mpaka alipoinamia kompyuta akaniuliza habari za jogoo bila kunitazama, nikajibu bila kumtazama, tukawa sawa.

Nikaiweka programu. Ikafunguka. Zubeda akaandika ujumbe mfupi, ikauhifadhi. Akagusa pa kutuma, na skrini ikaganda. Hata saa ya pembeni ikasimama.

Nilifanya yote niliyoyajua. Nilifungua mashine nikapuliza vumbi. Nilibadilisha betri. Nilikaza waya wa antena. Nilitafuta mijusi, na msicheke. Kila mara, ikifika pa kutuma, inaganda. Msafara wa kurudi ukapiga honi. Nilimwambia, "Dada, nitalitafuta kosa kutoka Arua. Kila jioni nitakuita, tutaongea habari za mashine tu. Habari za magari, hata neno moja."

Hapo ndipo ulipoanza wakati mzuri kuliko wote niliowahi kuwa nao katika kazi, na naona vigumu kusema hivyo, kwa sababu watu walikuwa na njaa na Juma alikuwa akiendesha nyuma ya mizinga ya jeshi na mgao mdogo wa unga, roho mkononi. Kila jioni nilimwita Zubeda. Nikamwambia, washa. Nikamwambia, andika hiki, guza kile, unaona nini? Yeye akawa macho yangu. Na kwa kuwa habari za magari zilikatazwa, mambo mengine yalipata nafasi. Alinieleza kambi za jeshi alikolelewa, jinsi watoto walivyokuwa wakijua cheo cha mtu kwa mlio wa viatu vyake. Nilimweleza kaburi la Aru. Aliniuliza jina la mke wangu, kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameniuliza tangu nirudi.

Siku moja akasema, "Fundi, mimi naangalia hii kitu. Mimi naandika, mashine nakubali. Nahifadhi, nakubali. Ikifika tu ya kufunga siri, mashine nakufa. Jana palepale, leo palepale. Vumbi inaweza kujua pahali moja hivi?"

Vijana, andikeni hilo ukutani pa kibanda chenu. Kosa linalotembea ni la umeme, vumbi au waya. Kosa linalosimama palepale kila siku ni la kitu kilichoambiwa mashine. Na pale pa kufunga siri palikuwa na maktaba moja, faili dogo ambalo programu ililiachia kazi hiyo. Nikakaa mbele ya redio, na Mzee Anguyo akanijia akicheka na moshi wa santuri. Uliuliza kama ni nzima. Hukuuliza kwao ni wapi.

Kesho yake nilibeba disketi zile zile mpaka hospitali ya misheni, walikokuwa na kompyuta ya zamani kama ya Koboko. Pale hapakuwa na vumbi la Koboko wala betri ya Koboko. Ikaganda palepale. Nikaenda kwa mfanyabiashara aliyekuwa na mashine mpya kama yetu. Ikaimba. Sikuhitaji kingine. Programu yenyewe ilikuwa imeandikwa ieleweke na babu na mjukuu, lakini maktaba ile moja ilitengenezwa kwa ajili ya mjukuu peke yake.

Niliita Nairobi. Kijana aliyetengeneza programu alinisikiliza, akasema lile neno ambalo nanyi mnalisema kila siku: "Lakini hapa kwangu inafanya kazi."

"Hapa Arua pia inafanya kazi," nikamwambia. "Mwenye kufa yuko Koboko. Meza yako ina mashine gani?"

Akacheka, mcheshi yule, akasema, "Pole, mzee. Nilidhani zile za zamani mmeshazitupa." Alikuwa mtu mwema. Aliitengeneza upya maktaba ile kwa lugha ya prosesa ya zamani, ambayo na mpya huielewa, akaniwekea kwenye ndege ya wiki ile.

Nilipoipokea disketi ile niliishika muda mrefu. Mkuu alikwisha sema: programu ikianza, sauti inakoma. Redio ya mdomo itabaki kwa ajili ya moto na kifo. Nilijua nina nini mkononi. Ilikuwa na uzima wa Juma, na unga wa watu wa Koboko, na ilikuwa na mwisho wa jioni zangu. Hapakuwa na la kuchagua, na nisije nikajifanya kwamba nilichagua. Nilimkabidhi Juma disketi siku hiyo hiyo, naye akaondoka na msafara.

Jioni tukaifanya kazi ile kwa mara ya mwisho kwa mdomo. Zubeda aliingiza disketi, nikamsomea la kufanya, akafanya. Kabla ya kujaribu akaniuliza:

"Fundi, hii ikikubali, wewe na mimi hapana ongea tena?"

"Kwa maandishi tutaongea, dada."

"Maandishi hapana sauti."

"Ndiyo, haina."

"Haya. Juma atakuwa salama, hiyo ndiyo mimi nataka." Halafu, kama kila siku, akauliza, "Salamu imekwisha?"

Ulimi una mazoea yake. Nikasema, "Imekwisha, dada. Leta kazi."

Nyenje ikalia redioni, na kwenye skrini yangu yakaja maneno kwa herufi kubwa: JUMA IKO HAPA. NAKULA. Mkuu alipiga makofi, mlinzi akaingia kutazama, mpishi naye. Nilitabasamu na watu. Kisha wakaenda makwao, na mimi nikabaki na yale maneno matatu manne ya kijani.

Zubeda alijaribu kuandika salamu. Ujumbe wake wa kwanza wa kazi ulikuwa na jogoo, mihogo, mvua na nyumba. Mkuu akaeleza, na safari hii alikuwa na haki, kwamba kadiri nyenje inavyolia kwa muda mrefu ndivyo watu wa porini wanavyopata nafasi ya kuitafuta inatoka wapi. Salamu zikakatazwa. Ujumbe uliofuata ulianza moja kwa moja na magunia.

Lakini nikaona kitu. Juu ya magunia palikuwa na mstari mtupu. Programu haikuuhitaji, na Nairobi hawakuuweka. Mtu alikuwa amegusa kitufe cha kushuka mstari kabla ya kuanza kuandika. Siku iliyofuata ulikuwapo tena. Nikaelewa. Pale ndipo salamu ingekaa, na ameiachia nafasi yake, na mstari mtupu hauongezi mlio wa nyenje. Nami nikijibu nikaanza na mstari mtupu. Nikiufikia wake nilikuwa nausoma polepole, mimi mwenyewe, kwa sauti yake: wewe nalala muzuri, nyumba iko aje, jogoo iko. Hakuna mtu ofisini aliyejua. Miaka ikaenda hivyo. Juma alipita barabara ile mpaka nywele zikaanza kumtoka, na hakuguswa.

Mnaniuliza kwa nini sikwenda Koboko kusema la moyoni. Barabara, kwanza. Mimi Mkristo, yeye Mwislamu, pili, ingawa hilo kwetu si ukuta mkubwa. La tatu ndilo lenyewe: mume ambaye hakuna aliyemzika. Mwanamke anayengoja humkuti mlangoni ukamwambia aache kungoja. Niliona afadhali nami ningoje naye, kila mtu na chake.

Kisha asubuhi moja ujumbe wa Koboko ulianza mstari wa kwanza kabisa. MAGUNIA. Hakuna nafasi juu. Nikafikiri amekosea. Kesho yake hivyo hivyo. Mwandishi alikuwa mwingine, na kwenye karatasi za ofisi hakuna kilichobadilika: Koboko imepokea, Koboko inaomba. Niliendelea kuacha mstari wangu juu, na mtu wa Koboko akaandika kuniuliza mimi fundi kama programu ya Arua ina kasoro, mbona inaacha nafasi. Nikamjibu kwamba haina kasoro.

Juma alifika na lori baada ya hapo. Hakushuka kwa kelele zake. Alikuja mpaka chumbani kwangu, akakaa kwenye gunia.

"Zubeda amekwenda," akasema. "Habari ilikuja ya ule mume. Mutu ameona yeye Zaire, upande ya Aba. Sijui kweli, sijui uongo. Dada amefunga mizigo, amekwenda kutafuta."

Nikamwuliza kama atarudi.

"Sijui, Fundi. Yeye mwenyewe hapana jua." Akakuna kichwa, akatazama ukuta ulio dirishani. "Lakini amenipa neno. Mimi nauliza, hii neno gani? Yeye nasema wewe najua. Nasema: mwambie Fundi ya Arua, ile siku alijibu vibaya. Salamu bado kwisha."

Alirudi kwenye lori lake, na mimi sikumsindikiza, ingawa ndiyo desturi.

Zubeda hakurudi, wala sijui kama alimpata mumewe. Nilistaafu, jogoo alikufa, nikapata mwingine. Kwa hiyo mkipelekewa programu iliyofanya kazi mezani kwenu, msiseme ni nzima mpaka mmeijaribu kwenye mashine ya yule aliye mbali, ile ya zamani, iliyobaki peke yake mwisho wa barabara. Ulizeni prosesa yake. Na wewe uliyeniambia nitupe simu, nitumie ile programu yenye maktaba ya zamani, ukipata nafasi. Nikikuandikia usishangae ujumbe wangu kuanza na mstari mtupu, simu haijaharibika.